UZI: Ukungu wa nyasi za bustani Arusha na Moshi huzuiwa Februari, Mei umeshachelewa

#1 Fundi_Ukoka (Arusha), Februari 8

Wakuu, shikamooni wakubwa, na wengine habari za leo.

Kila mwaka ikifika Mei simu yangu haipumziki. "Fundi, nyasi zinakufa, njoo na dawa." Nikifika nakuta mabaka rangi ya majani makavu, mengine ukubwa wa sarafu, mengine ukubwa wa sinia, na mwenye nyumba ameshamaliza hela kwenye dawa ya nyanya. Kazi hii ya bustani naifanya mwaka wa 14 sasa. Nilianzia Moshi, nikahamia Arusha. Nimeamua kuandika leo, Februari, wakati ardhi bado kavu na hakuna hata doa moja la kuonekana, kwa sababu huu ndio wakati wa kufanya kazi yenyewe.

Maelezo mengi ya magonjwa ya nyasi yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Wanazungumzia majira ya kuchipua, theluji inapoyeyuka. Sisi hatuna majira hayo. Ila kinachoamsha kuvu, ndio huo ukungu wa nyasi, si jina la msimu, ni jani kukaa limelowa saa nyingi mfululizo, na hilo kwetu lipo la kutosha. Tuna masika ya Machi hadi Mei, halafu Juni na Julai, Mlima Meru unapojificha mpaka saa sita mchana na manyunyu yanashuka asubuhi nzima. Kwa macho yangu, Juni ni mbaya kuliko Aprili. Aprili mvua inapiga kweli, lakini jua likitoka jani linakauka. Juni jani linalala limelowa na linaamka limelowa.

Anzeni na godoro. Chukua kisu cha jikoni, kata kipande cha nyasi upana wa kiganja, kina cha kidole, ukitoe kizima kama kipande cha keki. Juu utaona majani, chini udongo, na katikati tabaka la kahawia, laini, lenye vikonyo na mizizi iliyokufa. Bonyeza kwa kidole gumba, litanesa. Hilo ndilo naliita godoro. Likiwa chini ya sentimita moja halina neno, hata linasaidia kutunza unyevu. Likizidi sentimita moja na nusu, limeshakuwa makazi ya kuvu. Inakaa humo kiangazi chote ikisubiri, na mvua ikianza godoro linashika maji kama sponji shingoni mwa jani. Nyasi za Kikuyu zinajaza godoro haraka kuliko ukoka wa kawaida, na Arusha nusu ya bustani ninazoingia ni Kikuyu.

Dawa ya godoro ni reki ya chuma na mgongo. Mwagilia siku mbili kabla, kisha kwarua kwa nguvu kwenda kaskazini-kusini, halafu mashariki-magharibi, utoe viroba na viroba vya takataka. Bustani itaonekana imeharibika, usiogope. Kisha pita na jembe la uma, toboa sentimita 10 kwenda chini, kila baada ya kiganja kimoja, ukitikisa kidogo ili udongo upumue. Endelea kumwagilia asubuhi kwa wiki mbili na nyasi zitarudi kabla ya mvua kubwa. Kazi hii ikisukumwa hadi Aprili, unakuwa umejeruhi nyasi wakati adui yuko mlangoni.

La pili ni kisu cha mashine. Kata leo, kesho asubuhi piga goti uangalie ncha za majani. Zikiwa zimekatwa sawasawa, vizuri. Zikiwa zimechanika na kuwa nyeupe kama nyuzi za katani, kisu ni butu, na kila ncha iliyochanika ni kidonda. Tupa ya kunolea haina bei ya kumshinda mtu aliyeweza kununua mashine. Na usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Najua wenye nyumba wengi wanataka zulia, wanamwambia kijana wa bustani "shusha chini kabisa". Nyasi za Pemba ukizishusha chini ya sentimita 5 unazinyima majani ya kujitengenezea chakula, zinaingia masika zikiwa dhaifu. Nimegombana na wateja juu ya hili na nitaendelea kugombana.

Mbolea nitaigusa kwa ufupi. Naitrojeni nyingi kabla ya mvua hutoa majani laini, yenye maji, ambayo kuvu inayapenda. Naitrojeni kidogo mno nayo huleta kutu ya majani na doa la sarafu, yaani yale mabaka madogo. Mwishoni mwa Februari mimi naweka mbolea ya naitrojeni ya CAN kilo 1 kwa mita za mraba 100, basi, naimwagilia siku hiyohiyo. Ile desturi yetu ya kumwaga samadi mbichi ya ng'ombe juu ya nyasi mwezi Machi, tafadhalini iacheni. Inafunika majani, inanenepesha godoro na inaleta magugu ya kila aina. Samadi iive kwanza iwe mboji, ichekechwe, inyunyizwe nyembamba mpaka majani yaonekane juu yake.

Maji nimeyaweka mwisho kwa kuwa ndiyo yanayoua zaidi. Mitaa mingi maji ya bomba yanatoka usiku, kwa hiyo watu wanafungua mpira saa mbili usiku na kulala. Jani linalowa saa mbili usiku, umande unalikuta hapohapo, linakauka saa tatu au nne asubuhi. Hizo ni saa 13 au 14 za jani bichi. Jaza tanki usiku, mwagilia alfajiri saa 11 hadi saa 1. Hapo unayaosha na yale matone ya umande yenye utomvu wa jani, na jua likipanda linakausha vyote kwa pamoja. Mwagilia mara chache kwa wiki lakini maji yazame. Kidogokidogo kila siku ni kulowesha majani tu.

Ulizeni, nitajibu kadiri ninavyojua.

#2 MamaChekechea (Sakina), Februari 8

Asante sana kaka kwa uzi huu. Nina kituo cha watoto wadogo, uwanja wa nyuma una nyasi. Mwaka jana kuanzia Juni watoto walikuwa wanarudi darasani soksi na viatu vina poda ya rangi ya chungwa. Wazazi wakaanza kuniuliza maswali. Nyasi zilikuwa zinageuka njano taratibu, hazikufa. Ni nini? Na inadhuru watoto?

#3 Fundi_Ukoka, Februari 9

Dada, hiyo ni kutu, ndugu wa ile kutu ya ngano. Ni kuvu wa majani na hiyo poda ni mbegu zake. Haimwambukizi mtu, ondoa hofu, ingawa mtoto mwenye pumu asigaragare humo.

Kutu inakamata nyasi zenye njaa zinazokua polepole, hasa kivulini. Kwa hiyo usianze na dawa, na mahali watoto wanapocheza nisingependa uipulize kabisa. Weka mbolea kidogo kama nilivyoandika juu. Nyasi zikianza kukimbia, kata kila wiki na uzoe majani yote yaliyokatwa, maana kutu inakaa kwenye jani, ukilitoa jani umeitoa na kutu. Halafu niambie, uwanja umezungushiwa nini?

#4 MamaChekechea, Februari 9

Ua wa michongoma, mrefu kunipita, na mgrevilea mmoja mkubwa upande wa mashariki.

#5 Fundi_Ukoka, Februari 9

Basi jua la asubuhi linazuiwa na mti na upepo unazuiwa na ua. Shusha michongoma ifike kifuani ikiwa usalama unaruhusu, au angalau upunguze chini ili hewa ipite. Mgrevilea usiukate, punguza matawi ya chini hadi urefu wa mtu mzima aliyenyoosha mkono. Lile jua la saa moja na nusu asubuhi likifika kwenye nyasi, umefanya kazi ambayo dawa haifanyi.

Na kwa Juni nakupa njia ya kwenye viwanja vya gofu. Wana mtindo wa kukung'uta umande kila alfajiri, kwa fimbo ndefu inayonesa au kwa kuburuta mpira. Sisi tunatumia kamba ya katani. Watu wawili, mmoja kila upande, mnaiburuta juu ya nyasi taratibu. Utaona nyuma ya kamba rangi inabadilika kutoka fedha kuwa kijani. Umande umeanguka chini, jani linakauka mapema kwa saa mbili hata zaidi. Uwanja kama wako ni dakika 5.

#6 Meku_wa_Rau (Moshi), Februari 11

Mdogo wangu nimekusoma vizuri. Mimi niko Rau, nina nyasi za Pemba chini ya miembe. Maji napata ya mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia wa zamu, na zamu yangu ni Alhamisi jioni, nafungulia yanatambaa bustani nzima mpaka usiku. Mwaka juzi na mwaka jana, Aprili, nyasi zililala chini kama zimemwagiwa mafuta, zikaoza kwa mstari mrefu kufuata njia ya maji. Ndani ya siku tatu mstari umefika getini. Niliuziwa kabendazimu, dawa ya kuvu, dukani, nikapiga mara mbili, haikusaidia kitu.

#7 Fundi_Ukoka, Februari 11

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako yananitosha hata bila picha. Kuoza kwa utelezi, kwa mstari unaofuata maji, kwa kasi ya siku tatu, huyo ni pithiamu. Watu wanamwita ukungu lakini kwa ukoo si kuvu halisi, ni kimelea cha majini, jamaa wa yule anayeleta baka chelewa la viazi na nyanya. Mbegu zake zina mikia, zinaogelea. Ndiyo maana kabendazimu haikumgusa, haikutengenezwa kwa ajili yake. Na Moshi ni chini na joto kuliko Arusha, usiku wenu wa Machi na Aprili una joto, hapo ndipo anapokimbia.

Mzee, tatizo ni ile Alhamisi jioni. Kama unaweza, chimba kishimo au weka tanki upande wa juu, zamu yako ijaze humo, umwagilie Ijumaa alfajiri. Kama haiwezekani, basi mfongo upite pembeni kwenye migomba na usitambae juu ya nyasi. Masika ikianza ufunge kabisa. Na kijana asipitishe mashine wakati nyasi zimelowa. Magurudumu yatambeba huyo pithiamu toka baka moja hadi jingine, utakuta baadaye mabaka yamepangana kwa mistari ya mashine.

Kitu kimoja kabla hujanikubalia. Shika nyasi pembeni ya baka uvute. Zikija zote kama mkeka unaokunjwa, bila mizizi, chimba kidogo utafute funza weupe waliojikunja kama herufi C. Hao wanakula mizizi na mabaka yao yanafanana na ya ugonjwa. Nimeona watu wakipiga dawa ya kuvu msimu mzima kumbe shida ni funza.

#8 Meku_wa_Rau, Februari 12

Nimevuta leo. Mizizi imeshika, hakuna funza. Tanki ninalo la zamani la lita 2,000, nitalipandisha juu. Ubarikiwe.

#9 Shamba_Usa (Usa River), Februari 14

Fundi, mimi sikubaliani nawe kwenye jambo moja. Unaongea kama dawa haina maana. Mimi Mei iliyopita nilipiga Ridomil ileile ninayopigia nyanya, wiki mbili mabaka yakakoma. Madogo, ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 mpaka kiganja cha mkono. Sasa huoni ilifanya kazi?

#10 Fundi_Ukoka, Februari 14

Mkuu, nakuheshimu na nimefurahi umesema wazi, maana wengi wanafanya hivyo kimya. Sijasema dawa haina maana. Nasema inakuja nyuma ya hayo mengine, na ni lazima ujue unampiga nani.

Mabaka yako, kwa ukubwa huo, yalikuwa yale Wamarekani wanayaita kwa jina la sarafu yao ya dola ya fedha, ndilo hilo doa la sarafu. Amka saa 12 na nusu asubuhi kabla umande haujakauka, chuchumaa. Juu ya baka utaona utando mweupe kama wa buibui. Ng'oa jani moja. Katikati lina doa la rangi ya makuti makavu, limebanwa kiunoni kama kioo cha saa ya mchanga, na mipaka yake ni kahawia yenye wekundu. Saa tatu utando umetoweka, ndiyo maana watu hawauoni. Kama huna hakika, weka nyasi chache kwenye kopo lenye kitambaa kilicholowa, funika, lala. Asubuhi utando utakuwa umeota.

Metalaksili iliyomo kwenye Ridomil ni ya akina pithiamu na baka chelewa. Haina kazi kwa doa la sarafu. Mankozebu iliyochanganywa humo inakinga kidogo kwa kukaa juu ya jani, lakini inaoshwa na mvua na haiponyi jani lililokwisha kuingiliwa. Nadhani kilichokuponya ni siku za jua, au mbolea. Uliweka mbolea wakati ule?

Nami niseme langu, kwa sababu lilimgharimu mteja. Mwaka wangu wa tatu Arusha nilipewa bustani Njiro, nikaona mabaka, nikapiga kabendazimu saa 10 jioni. Mvua ikanyesha saa 12. Nikarudia. Nikarudia tena. Mara ya nne mabaka yalikuwa mengi kuliko mara ya kwanza na nikamrudishia yule mama hela yake. Baadaye ndipo nikaelewa kwamba doa la sarafu limezoea dawa za kundi hilo sehemu nyingi duniani. Ukipiga kundi lilelile mfululizo unaua kuvu dhaifu na kuacha sugu watupu wakizaliana.

Lebo nyingi zina namba ya kundi. Kabendazimu ni kundi 1, propikonazoli kundi 3, metalaksili kundi 4, azoksistrobini kundi 11. Msirudie namba moja mara mbili mfululizo. Azoksistrobini ni nzuri kwa magonjwa mengi ya nyasi lakini doa la sarafu hailiwezi, hapo propikonazoli ndiyo inafanya kazi. Hakikisheni dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, ile iliyochukua nafasi ya TPRI hapa Ngaramtoni, na mfuate kipimo cha lebo. Ukiwa na shaka nenda ukawaulize, wako barabara ya Namanga tu. Vaeni glovu na barakoa. Watoto na mbwa wasikanyage mpaka ikauke au mpaka muda ulioandikwa upite. Usipulize wingu likiwa limefunga. Kinachooshwa kwenye bustani yako ya Kijenge kinaishia mto Themi, na huko chini kuna watu wanamwagilia mboga.

#11 Shamba_Usa, Februari 15

Kweli niliweka Urea kidogo wiki ileile. Sikuihesabu kabisa. Nitaanza na asubuhi ya kuchuchumaa.

#12 Fundi_Ukoka, Februari 15

Ndiyo hiyo mkuu. Doa la sarafu ni ugonjwa wa nyasi zenye njaa. Lakini Urea ina naitrojeni 46 kwa 100, CAN ina kama 26, kwa hiyo kipimo cha Urea ni kidogo zaidi, gramu 5 hadi 6 kwa mita ya mraba zinatosha kabla ya mvua.

#13 Mchaga_Minnesota, Februari 17

Nawasalimu kutoka huku Minnesota, Marekani, nje kuna theluji mpaka magotini. Nafanya kazi ya kutunza nyasi pia, na nimeona fundi amegusia majira ya kuchipua. Niwaeleze yakoje.

Aprili theluji ikiyeyuka tunakuta duara za nyasi zilizolala, zimegandamana kama karatasi iliyolowa. Kuna ukungu wa theluji wa kijivu, huo unahitaji theluji ikae kama miezi miwili juu ya ardhi ambayo haijaganda sana. Na kuna wa waridi, huo hata bila theluji unaweza kuja, baridi na unyevu vinatosha. Wateja wanapiga simu wanataka dawa, tunawakatalia. Aprili kuvu hao wameshamaliza kazi, jua likipata nguvu wanaacha wenyewe. Tunakwarua kwa reki taratibu, nyasi zipate hewa, nyingi zinarudi. Kazi ya kuzuia inafanyika Oktoba na Novemba. Tunazoa majani ya miti yasilale juu ya nyasi, tunakata mara ya mwisho zisiingie ndefu chini ya theluji, na hatuweki naitrojeni nyingi mwishoni.

Kusini zaidi, kwenye ukoka kama wetu wa nyumbani, kuna ugonjwa unaoacha duara zilizokufa nyasi zinapoanza kuchipua. Ule unaingia kwenye mizizi majira ya kupukutisha, miezi mitano au sita kabla mtu hajaona kitu.

#14 Fundi_Ukoka, Februari 17

Asante ndugu yangu. Watu wasome hapo kwenye Oktoba na Novemba mara mbili. Februari yetu ndiyo Oktoba yao.

#15 Mwl_Uwanja (Moshi), Februari 20

Sisi tuna uwanja wa mpira wa shule. Golini pote pawili udongo umekuwa kama saruji, mvua ikinyesha maji yanatuama, na nyasi za pembeni zinaoza kila mwaka. Bajeti ya dawa haipo.

#16 Fundi_Ukoka, Februari 20

Mwalimu, huhitaji dawa. Majembe ya uma manne na darasa moja kila Jumamosi kwa wiki tatu. Toboeni hadi sentimita 10, nyunyizeni mchanga wa mto wenye chembe kubwa uingie kwenye matundu, kisha chimbeni mfereji mdogo nyuma ya goli maji yapate pa kwenda. Kama magoli yanahamishika, yasogezeni mita chache kila mwezi. Na siku mvua kubwa imenyesha, mechi iahirishwe. Najua hilo ndilo gumu kuliko yote.

#17 MamaChekechea, Juni 19

Kaka Fundi, nimerudi kutoa taarifa. Michongoma ilishushwa Machi, mgrevilea ulipunguzwa matawi. Mbolea niliweka mara mbili. Mwanzoni mwa Juni nilichomeka vijiti kwenye kila sehemu niliyoona njano, vilikuwa 11. Wiki mbili hizi mlinzi na mimi tunaburuta kamba saa 12 na nusu kabla watoto hawajafika, mikono inakufa ganzi kwa baridi. Leo nimepita na kitambaa cheupe nikikisugua kwenye kila kijiti. Poda imetoka sehemu 3 tu, zote chini ya ukuta wa choo ambako jua halifiki.

#18 Fundi_Ukoka, Juni 19

Dada, nimefurahi sana. Hapo chini ya ukuta usipigane napo tena. Ng'oa nyasi upana wa mita moja, mwaga kokoto, au panda mimea ya kivuli. Na kamba msiiache mpaka Agosti.